Mume wa Bibi Mektilda

Kila asubuhi, kabla faili lolote halijafunguliwa, Bi Jihan alikunywa kahawa. Alikuja nayo kutoka nyumbani kwao Kanyenye ndani ya chupa ndogo ya chai, imechemshwa na tangawizi, akaimimina kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, akaketi karibu na dirisha akitazama watu wakivuka barabara. Mpaka kikombe kiishe, hakuna aliyemsemesha. Wenzake katika ofisi ile ya ustawi wa jamii walikuwa wamemzoea. Julieth, ambaye alikuwa bado mgeni kazini, mwanzoni alidhani ni maringo ya Waarabu wenye maduka makubwa mjini. Baadaye Bi Jihan alimweleza kwamba kikombe kile ni cha kuyaacha ya nyumbani yabaki nyumbani, ili mtu wa kwanza kuingia na shida yake asipokelewe na hasira isiyomhusu. Tangu siku hiyo Julieth naye alijitengenezea chai ya rangi, akawa anakaa mkabala naye bila kusema neno, na katika siku nzima hakukuwa na saa aliyoipenda kama ile.

Siku hiyo kahawa haikuisha. Mwalimu Sylvester wa Igalula aliingia bila hodi, kofia ya pikipiki ingali kichwani na vumbi limemkaa mpaka kwenye kope. Alisahau hata kusalimia. Alisema mwanafunzi wake ameanguka kwenye treni.

Walimpa maji, na maneno yakaanza kuja kwa mpangilio. Mtoto anaitwa Adriano, yuko darasa la tano, ingawa darasani haonekani. Treni ikisimama Igalula yeye hukimbia madirishani na karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Juzi abiria mmoja alipokea bakuli zima, akawa anamimina taratibu kwenye mfuko wake, na treni ikaanza kuondoka. Adriano hakutaka kupoteza bakuli. Alining'inia dirishani, akakimbia sambamba na treni, mwisho akaangukia kwenye kokoto za reli. Mkono umevunjika. Ingekuwa hatua moja kushoto, Mwalimu Sylvester alisema, basi angekuwa amekuja kuzungumza habari nyingine.

Mtoto huyo hana mama, alifariki akimzaa, na baba yake hajulikani aliko. Analelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Mektilda, ambaye sasa miguu imevimba na hafiki hata kisimani. Kwa hiyo, Mwalimu alisema, ukitazama vizuri, mtoto ndiye anayemlea bibi. Mtendaji wa kijiji ameona imetosha. Ameshazungumza na makao fulani ya watoto mjini, nafasi ipo, na gari lao litapita Igalula siku ya Ijumaa. Kilichobaki ni ofisi ya ustawi wa jamii kuridhia.

Bi Jihan alikuwa bado ameshika kikombe. "Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

Mwalimu Sylvester alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Yule? Yule anasema hawezi kumwacha mkewe."

Julieth alicheka, na Mwalimu naye akacheka. Hapakuwa na haja ya kuelezana. Bibi gani hamwiti mjukuu wake wa kiume mume wangu? Bibi yake Julieth alikuwa akimwita kaka yake hivyo mbele ya wachumba zake, na Julieth mwenyewe akiitwa mke mwenza, akituhumiwa kila jioni kwamba anataka kumnyang'anya babu. Ni utani ambao mtu anakua nao kama anavyokua na jina lake. Bi Jihan alitabasamu pia. Lakini aliweka kikombe mezani kikiwa nusu, akasimama kutafuta ufunguo wa gari la ofisi, na Julieth hakuwahi kumwona akiacha kahawa namna ile.

Barabara ya Igalula inaandamana na reli, inaiacha, inairudia tena. Wazee wa huko husema reli yenyewe ilijilaza juu ya njia ya miguu ambayo misafara iliifuata kwenda pwani, na kwamba vipo vipande vya njia hiyo ambavyo reli haikuvigusa. Kipande kimoja kilipita nyuma ya nyumba ya Bibi Mektilda: uwazi mpana kati ya mashamba mawili, ambao hakuna aliyewahi kuulima, na watu waliupita tu bila kujua kwa nini haulimwi.

Bibi alikuwa barazani, amekaa mkekani na miguu ameinyoosha, anamenya viazi. Alipoitikia shikamoo zao alimkazia macho Bi Jihan, akautazama ushungi wake, halafu rangi yake, akakiweka kisu pajani.

"Mwarabu," alisema, na sauti ilikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtani wa kumchokoza. "Babu zenu walimtwisha babu yangu pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Wewe leo umekuja kumtwisha nani?"

"Leo zamu yangu kubeba, bibi," Bi Jihan alijibu. "Nipe hicho kisu."

Akavua viatu, akaketi mkekani na baibui lake, akaanza kumenya. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akasema kwamba anamenya kama mtu aliyezoea kununua viazi, maana anayevilima hawezi kuacha nyama yote hiyo kwenye ganda. Bi Jihan alikubali kosa. Julieth aliyesimama kando na mkoba wake alitamani angekuwa na ujasiri wa kukaa chini namna ile, bila kutafuta kwanza la kusema, kana kwamba mkeka ule ulikuwa ukimsubiri.

Jirani, Mama Zablon, alivuka ua kuja kuona wageni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, na ndiye aliyewaelezea habari za nyumba ile kwa kirefu: babu alivyokufa, mtoto alivyo mchapakazi, anavyopika, anavyofua, anavyomkanda bibi miguu kwa maji ya chumvi. Kijiji kizima kinampenda. Wanawake wote wa mtaa huo wanamwita shemeji.

"Huyo anakuja," alisema. "Shemeji, mkeo ana wageni, na wewe unatuletea kaptula iliyochanika?"

Wote walicheka, na Bibi Mektilda kuliko wote. Adriano alikuwa anaingia uani na ndoo ya maji kichwani. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji na kutundikwa shingoni kwa kipande cha kitenge, wa kulia umeshika ukingo wa ndoo. Alipiga magoti polepole, akainamisha shingo, akaiteremsha ndoo mwenyewe. Maji yalimmwagikia kifuani. Alijifuta, akawapa wageni shikamoo, kisha akauliza, kama mwenye nyumba, kama wameshapewa maji ya kunywa.

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshamwendea bibi, amevuta kigoda na kukiweka chini ya miguu yake. "Miguu umeisahau tena," alimwambia.

"Mume wangu mkali huyu," Bibi aliwaambia wageni.

Julieth alimtazama mtoto yule, mabega yake membamba na macho yake ya mtu mzima, na moyo ukamwuma. Akaamua palepale kwamba mtendaji amesema kweli. Mtoto aondolewe. Apewe kitanda, apewe madaftari, apewe watoto wenzake wa kucheza nao. Aliona haya tu kulisema mbele ya bibi.

Bi Jihan alimwomba Adriano amwonyeshe anapopikia. Jiko lilikuwa kibanda kidogo cha miti na udongo nyuma ya nyumba. Mtoto alichuchumaa kuwasha moto, Bi Jihan akakaa juu ya kinu kilicholazwa, Julieth akasimama mlangoni. Chuoni alifundishwa namna ya kumhoji mtoto, maswali ya kuanzia na maswali ya kumalizia, na alisubiri kuyasikia. Hakusikia swali lolote. Bi Jihan alikuwa anampa vijiti kimoja kimoja, kama mtu aliyekuja kusaidia moto uwake na si zaidi.

Mtoto ndiye aliyeanza. "Mmekuja kunichukua."

"Nimekuja kujua. Kuchukuliwa unakuogopa?"

"Siogopi mimi." Alipuliza moto. "Nikienda, usiku akitaka kutoka nje nani atamshika?"

Bi Jihan alimpa kijiti kingine. Adriano alipuliza tena, akapangusa jicho kwa moshi, na alipoendelea alikuwa anazungumza na moto.

"Wanacheka wote. Na mimi najua ni utani, mimi si mtoto mdogo. Lakini siku tulipomzika babu, bibi alinishika mkono mbele ya watu akasema, haya, mume wangu sasa ni huyu hapa. Wakacheka, na mama mmoja akapiga kigelegele. Halafu wakaenda kwao." Alisogeza kuni. "Mimi ndiye nilibaki."

Julieth alikuwa na kicheko tayari mdomoni, kwa mazoea tu, pale neno mume lilipotajwa. Kilimfia humo humo. Alikumbuka asubuhi ofisini, na Mwalimu, na Mama Zablon, na yeye mwenyewe barazani muda mfupi uliopita. Kila mtu alikuwa amelisikia neno lile, na kwa sababu kila mtu alijua maana yake, hakuna aliyemtazama usoni mtu mmoja ambaye hakucheka.

"Na shule?" Bi Jihan aliuliza.

"Napenda hesabu."

"Ukiambiwa urudi kesho, utarudi?"

Adriano alimtazama kana kwamba amemuuliza jambo la kitoto. "Mume hafanyi hivyo."

"Bibi anajua unavyofikiri?"

"Usimwambie." Hapo sauti yake ilitetemeka. "Atalia. Usimwambie."

"Sitamwambia," Bi Jihan alisema.

Kutoka pale walikwenda kwa mtendaji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na aliisema wazi: mtoto yule angekufa relini juzi, watu wangeuliza kijiji kilikuwa na kiongozi gani. Ofisi ikisema mtoto abaki, halafu likatokea jambo, nani atajibu? Bi Jihan alimwambia hajasema mtoto abaki wala aende. Anaomba mpaka Ijumaa, na kwa siku hizo ameshazungumza na Mama Zablon, ambaye atakuwa akiingia kwa bibi asubuhi na jioni, na mtoto hatakwenda stesheni. Mtendaji aliuliza tena nani atajibu. Bi Jihan alisema, kwa sauti ileile aliyoombea kisu cha viazi, kwamba atajibu yeye, na kama ni lazima iandikwe basi iandikwe na jina lake chini.

Ndani ya gari Julieth alikusanya nguvu zake zote. Si kawaida yake kubishana na mtu, sembuse mkubwa wake, lakini mabega yale membamba hayakumtoka machoni. Alisema sheria inataka maslahi bora ya mtoto yatangulie mengine yote. Mtoto hasomi, amevunjika mkono, anabeba kazi ya watu wazima. Kama hilo halitoshi, ni lipi litakalotosha?

Bi Jihan alikubaliana naye kwa kila neno. Alisema sheria hiyohiyo inataka mtoto asikilizwe. "Sasa tumemsikiliza. Ukimuuliza kama anataka kwenda, atasema hapana, na hapana hiyo si yake, amefungwa nayo. Ukimchukua kwa nguvu, umempeleka mjini mtu aliyemtoroka mke wake mgonjwa. Atakaa na aibu hiyo kitandani kwenye makao, na siku moja atadandia treni arudi. Mimi naogopa hiyo treni kuliko ile ya juzi."

"Basi tumwambie bibi. Amwachie yeye mwenyewe."

"Nimempa mtoto neno langu."

"Lakini ni kwa faida yake, Bi Jihan."

"Ndivyo wanavyosema watu wazima wote wakivunja ahadi kwa mtoto." Hakusema kwa ukali. Aliendesha kwa muda akitazama barabara. "Huyu ameshaona watu wakicheka halafu wakaenda kwao. Nisiwe wa pili. Nitarudi nimwombe ruhusa. Akikataa, tutatafuta njia nyingine, hata kama mimi siioni sasa."

Julieth aligeukia dirisha ili macho yake yasionekane. Alikuwa amesoma kurasa nyingi kuhusu kutunza siri ya mteja, akajibu mtihani vizuri, na bado hakuwahi kufikiri kwamba mteja anaweza kuwa mtoto wa darasa la tano mwenye kaptula iliyochanika, na kwamba siri yake ina uzito sawa na ya mtu mwingine yeyote.

Kesho yake Bi Jihan alimpa kazi ya kumtafuta binti wa bibi, Eustadia, aliyeolewa huko Usinge na kulima tumbaku na mumewe. Simu ilikuwa inakatika kwa sababu mama huyo alikuwa shambani, karibu na msitu, na ilimbidi apande kichuguu ndipo asikike. Julieth alijieleza kwa haya, akiogopa atadhaniwa anamlaumu. Eustadia alisema hupiga simu nyumbani kila mara, na kila akiuliza kama aje, mama yake humjibu asihangaike, ana mume wake hapo. Alikuwa anacheka wakati akilisimulia hilo. Kisha kicheko kikakatika, na Julieth alidhani ni simu.

"Dada," Eustadia alisema, "kwani Adriano sasa ana umri gani?"

Julieth alimwambia. Upande wa pili kulikuwa na upepo tu. Hatimaye mama yule alisema kwamba kichwani mwake bado alikuwa anamwona kama alivyokuwa siku ya kumzika babu, mtoto mdogo wa kushikwa mkono, na alikuwa akijua utani ni utani, kwa hiyo akiambiwa mume yupo aliona mama yake ana moyo wa kutania, maana yake hajambo. Alisema atapanda treni inayofuata. Julieth alipokata simu alikuwa analia, na Bi Jihan akamsogezea kikombe chake cha kahawa, kile kisicho na mkono, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukinywea.

Alhamisi walirudi Igalula. Eustadia alikuwa ameshafika. Mabegi yake yalikuwa mlangoni na yeye yuko ndani, anasonga ugali. Bi Jihan hakwenda barazani. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye ule uwazi usiolimwa, ambako Adriano alikuwa amekaa peke yake juu ya jiwe. Shangazi wa watu, maana ndivyo wengi walivyomwita Eustadia pale ingawa kwa mtoto alikuwa mama mkubwa, alikuwa amemnyang'anya mwiko, na mtoto hakujua mikono yake aiweke wapi.

Bi Jihan alimwambia mtoto kwamba ametunza neno lake. Alisema pia kwamba gari la makao linakuja kesho, kwamba hatamficha hilo. Kisha akamwomba tena ruhusa ya kumwambia bibi.

Adriano alichora mchangani kwa kidole cha mguu. "Ukimwambia atajua nimechoka."

"Umechoka?"

Julieth alimwona akijaribu kusema hapana. Kidevu kilitikisika, na uso wa mzee ukaondoka, ukabaki wa mtoto. Aliitikia kwa kichwa.

"Mwambie," alisema. "Lakini mimi nisiwepo." Akainuka, akachukua ndoo ndogo na kata, akaenda kisimani akiifuata ile njia ya zamani, na hakugeuka nyuma.

Barazani Bi Jihan aliketi mkekani kama siku ile. Hakuleta utangulizi. Alimweleza Bibi Mektilda yale aliyoyasikia jikoni, kwa maneno yaleyale ya mtoto, bila kuongeza lake. Alipofika kwenye siku ya mazishi, na watu waliocheka wakaenda kwao, Mama Zablon aliyekuwa ameegemea nguzo alijifunika mdomo kwa kanga. Eustadia alitoka ndani akasimama mlangoni, mwiko mkononi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi. Julieth alingoja alie, au akasirike, au awafukuze. Alifikiri pia kwamba mtu mwingine angeanza sasa kumwelekeza bibi la kufanya, na yeye mwenyewe alifungua mdomo kusema, kwa upole kadiri alivyoweza, kwamba labda bibi angemwambia mtoto hivi na hivi. Bi Jihan alimgusa goti. Julieth akafunga mdomo.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," Bibi Mektilda alisema. Hakukuwa na utani sautini. "Alianza akiwa mdogo kama huyu. Alitusimulia kwamba mtoto akitoka mara ya kwanza hupewa mzigo mdogo, na baba yake hutembea nyuma yake. Kazi ya baba ni kutazama shingo. Akiiona inaanza kulala upande, anauchukua mzigo, hangoji kuombwa. Maana mtoto haombi. Anaona aibu mbele ya wanaume." Akakitoa kisu kwenye kiazi. "Mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Nikawa natazama miguu yangu."

Eustadia alipangusa uso kwa mkono wenye unga.

Adriano alitokea pembeni mwa nyumba, ndoo kichwani. Aliwaona wote wamenyamaza, akasimama. Mama Zablon alianza, kwa mazoea, "Shem—" na bibi akainua kiganja. Neno likaishia hapo.

Kisha Bibi Mektilda alishika nguzo ya baraza. Eustadia alimkimbilia, naye akamsukuma. Alisimama kwa miguu ile iliyovimba, akashuka kidato cha baraza, akavuka ua hatua fupi fupi, akiguna, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Mtoto alikuwa tayari anapiga magoti kuiteremsha ndoo kama alivyozoea.

"Simama," bibi alimwambia. "Lete nikutue."

Akaweka mikono miwili kwenye ndoo. Kwa pamoja waliishusha, taratibu, na maji hayakumwagika ila kidogo. Julieth, kule barazani, ndipo alipotambua kwamba siku ile ya kwanza walikuwa wamekaa watu wazima wanne pale, na mtoto mwenye mkono mbovu akajitua mwenyewe wakimwangalia, wakicheka.

"Adriano," bibi alisema.

Mtoto aliinua macho. Julieth hakuwahi kumsikia akimwita kwa jina, na huenda hata mtoto mwenyewe alikuwa amesahau linavyosikika kinywani mwake.

"Mume wangu alikufa. Tulimzika mimi na wewe. Wewe si mume wangu, wewe ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu." Alimshika kichwa, pale ndoo ilipokuwa imekaa, akawa anapalainisha kwa kiganja. "Siku ile niliposema mume wangu ni huyu, nilikuwa naogopa. Niliona watu wanaondoka, nikaogopa kubaki peke yangu, na kulisema hilo mbele yao niliona haya. Nikatania. Sasa nasema, wote wasikie: naogopa kukaa peke yangu. Eustadia anisikie, jirani asikie, na Mwarabu huyu asikie. Uoga huo ni wangu na wao, nitaugawana na wao. Gari lije lisije, wewe kesho nenda shule, baba. Jioni utanikuta hapahapa."